Njia Ilitangulia

Tartu, Novemba. Saa kumi alasiri,
na dirisha limeshakuwa jeusi.
Kazi yangu ni kupaka watu jeli kichwani,
tone moja moja chini ya nywele,
kisha kuwavika kofia yenye nyaya sitini na nne.
Leo ni zamu ya Helve Kuusik, mstaafu wa posta,
aliyekuja kwa ajili ya yuro kumi na tano
na, asemavyo mwenyewe, kwa ajili ya joto.

Masharti ni mepesi, namweleza:
tazama nukta inayozunguka kwenye uso wa saa,
bonyeza kitufe wakati wowote utakao,
usipange, usihesabu, usijaribu kunifurahisha,
kisha niambie nukta ilikuwa wapi
ulipotaka.

"Nilipotaka," anarudia,
kama mtu anayeonja maziwa ya jana.

Anabonyeza.
Na kwenye kioo changu, ambacho yeye hakioni,
mstari umeshaanza kupanda
taratibu, kama uji unaojiandaa kufura,
kabla hajafika pale aliposema "hapo".
Mara arobaini alibonyeza.
Mara arobaini mstari ulimtangulia mlangoni.

Penye nia pana njia, tulifundishwa.
Mimi nalipwa mshahara kuitazama njia
ikipita peke yake gizani,
na nia ikija nyuma mbio, inahema,
imevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto,
ikidai ndiyo iliyoongoza.

Mapumziko. Nampa chai, namwonyesha mchoro.
Hashtuki. Ananyoosha kidole kwenye mwinuko ule mdogo
na kuuliza kama mashine inaweza kurudi nyuma zaidi,
mpaka Februari ya mwaka ule
alipomwacha Ülo.

"Niliamua Jumanne," anasema, "nikimenya viazi.
Nakikumbuka kiazi chenyewe, kilikuwa na doa jeusi.
Lakini Desemba nilikuwa nimenunua birika la pili.
La nini? Watu wawili, jiko moja.
Na viatu vyangu vya theluji nilivipeleka kwa dada yangu, Valga,
ati vikatiwe soli. Soli zilikuwa nzima.
Sasa niambie, kijana:
nani alinunua birika?"

Nina shahada ukutani, jibu sina.
Najua tu kwamba hakuna aliyewahi kukaa kiti hiki
akaniambia "naamua".
Wote husema "nimeamua":
kitenzi kimeshaingia, kimevua koti, kimekaa,
ndipo mwenye nyumba anasikia hodi.

Duru ya mwisho. Nukta inazunguka.
Mstari unaanza kupanda, naujua,
nashika kalamu,
unapanda, unapanda,
na kidole chake kinabaki hewani
juu ya kitufe, kikitetemeka kidogo
kama mtu aliyesahau jina katikati ya salamu.
Kisha anakirudisha pajani.

"Hiyo," anasema, "hiyo ni yangu."

Kwenye fomu hapakuwa na safu
ya jambo lisilotendeka.
Labda hata kukataa kwake kulikuwa na mstari wake,
mahali ambapo sikuweka waya.
Labda. Niliandika "kosa la mshiriki", nikafuta,
nikaacha pawe wazi.

Nilimwosha nywele kwenye sinki kwa maji ya uvuguvugu.
Alifumba macho. Jeli ikatoka kwa mabonge.
Akaniuliza kama nina mke. Nikasema ndiyo.
Akauliza kama tuna birika moja.
Tulicheka, mimi kidogo kuliko yeye.

Nilifunga maabara, nikashuka mtoni.
Mwisho wa daraja miguu ilikata kushoto.
Nyumbani ni kulia.
Nilikwenda hatua kumi, kumi na mbili,
kabla sijauliza.